Mkunga mchanga hali chakula: maswali yenu ya mwezi huu

Barua nne za mwezi huu zinamhusu samaki mmoja, mkunga wa maji baridi anayefugwa nyumbani akiwa bado mchanga. Nimeziweka pamoja. Naanza na ile ya mwenye haraka, maana mkunga wake anakonda.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Shemeji yangu alipohama aliniachia tangi la kioo la lita 60 na mkunga mchanga ndani yake. Nimempima kwa rula nje ya kioo, ana sentimita 12. Wamo pia samaki wadogo sita wa mapambo. Leo ni siku ya tisa tangu nimpokee. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nanyunyiza chakula kikavu cha vipandevipande juu ya maji. Wenzake wanakigombania, yeye hata kichwa hatoi. Mchana kutwa amejizika mchangani au amejibana nyuma ya filta. Juzi nilimtoa kwa wavu nikamweka karibu na chakula, akarudi mbio kujificha. Naona tumbo limeanza kubonyea. Anaumwa? Nimlishe kwa nguvu? Na ni kweli kwamba mkunga anaweza kukaa miezi bila kula?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa uliyoyaeleza sioni ugonjwa. Naona chakula kinachoandaliwa saa ambayo mlaji amelala, tena mahali asipopita. Hilo unaweza kulirekebisha usiku wa leo.

Lakini kwanza mtazame vizuri, maana jina la mkunga hupewa kila samaki mrefu mwenye umbo la nyoka. Mkunga wa kweli, wa jenasi ya Anguilla, ana pezi moja refu linaloanzia mgongoni, likazunguka ncha ya mkia na kurudi tumboni bila kukatika. Nyuma tu ya kichwa ana mapezi mawili madogo ya ubavuni, na taya lake la chini limechomoza kidogo kuliko la juu. Ukiona pua iliyorefuka kama mkonga mdogo na safu ya miiba mifupi mgongoni, huyo ni mkunga-miiba, wa ukoo mwingine kabisa. Ukiona hana mapezi ya ubavuni na ana tundu moja tu la kupumulia chini ya koo, huyo ni mkunga wa vinamasi. Nitakayoyasema kuhusu giza, harufu na nyungunyungu yanawafaa wote watatu, ila mkunga-miiba ni mgumu zaidi kumzoesha chakula kikavu, na ngozi yake haivumilii dawa za samaki zenye shaba.

Mkunga wangu wa kwanza alikufa katika wiki ya tatu, na hakufa kwa njaa. Alikataa kula siku nne, nikaingiwa na hofu kama yako, nikawa namwongezea chakula kila nilipopita karibu na tangi. Chakula kikaoza chini ya mchanga, amonia, sumu inayotokana na uozo, ikapanda, na asubuhi moja nikamkuta amelala wazi juu ya mchanga mchana kweupe, mashavu yakimpwita. Jioni alikuwa ameshakufa. Nililia. Tangu siku hiyo nina daftari la kila mkunga niliyemfuga, na mengi ninayokuambia hapa yametoka humo.

Mkunga mchanga akiwa mtoni, mchana huutumia kwenye matope, chini ya mawe, katikati ya mizizi. Nje kuna ndege, kuna samaki wakubwa, na kuna mikunga wenzake waliomzidi kimo ambao humla. Kujificha ndiko kumemfikisha hapo alipo. Ukimtoa kwa wavu unamwonyesha kwamba hata maficho yake hayafai, na siku zake za kufunga zinaanza upya. Usimtoe tena. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mwache hata wiki nzima bila kumgusa.

Badala ya kumtoa, mpe pango. Kipande cha bomba la plastiki kinatosha, kirefu kumzidi yeye kidogo na chembamba kiasi kwamba akiingia anazisikia kuta mwilini pande zote. Kingo zake uzisugue kwa msasa hadi zisikwaruze. Mchanga uwe laini wa chembe ndogo, kamwe usiwe kokoto zenye makali, kwa sababu mkunga wa kimo hicho bado hana magamba. Yataanza kuota ndani ya ngozi akishapita sentimita 15 hivi, na hata hapo hutayaona kwa macho. Kinga yake yote kwa sasa ni ule ute. Wavu na mkono mkavu vinaukwangua. Hii ni sababu nyingine ya kutomlisha kwa nguvu: utamchubua nje na unaweza kumrarua koo, na chakula chenyewe atakitema.

Sasa pua. Chukua kioo cha kukuzia, usubiri achomoze kichwa. Mbele ya mdomo wa juu utaona vibomba viwili vidogo. Hapo ndipo maji huingilia. Matundu mengine mawili yako karibu na macho, nayo ni ya kutolea. Kati yake maji hupita kwenye chumba kirefu chenye mikunjo mingi ya ngozi ya kunusia. Mwaka 1959 mtafiti wa Kijerumani, Teichmann, alichapisha majaribio ya mikunga waliofunzwa kutambua harufu, na waliitambua hata ilipozimuliwa majini kiasi ambacho mtu asingesikia lolote. Mnyama mwenye pua ya namna hiyo, ukimwekea vipande vikavu vinavyoelea, anavipita kama majani yaliyodondoka.

Chakula cha kuanzia, kwa maoni yangu, ni nyungunyungu. Nimejaribu vingine na bado narudi kwake kila ninapokuwa na mkunga mgomvi wa chakula. Mchimbe kwenye udongo usiopuliziwa dawa, mweke siku nzima kwenye karatasi yenye unyevu ili atoe udongo wote tumboni, msuuze, kisha mkate kwa wembe vipande vya milimita 3 au 4. Majimaji yanayotoka ndiyo mwito wenyewe, kwa hiyo ukishakata usisuuze tena. Chagua nyungunyungu wembamba, maana mdomo wa mkunga wa sentimita 12 ni mdogo kuliko unavyodhani.

Cha pili ni mabuu mekundu, yale ya wadudu wanaofanana na mbu lakini hawaumi. Huuzwa yakiwa yamegandishwa. Hayo, kinyume na nyungunyungu, yayeyushe kwenye kikombe na uyasuuze mara moja kwenye kichujio cha chai, kwa sababu maji yake mekundu huchafua tangi upesi. Kamba wadogo waliosagwasagwa na artemia, vijikamba vya maji ya chumvi, waliogandishwa nao wanafaa. Minyoo myembamba ya tubifeksi mikunga huipenda mno, lakini ikiwa hai hutoka kwenye matope machafu na huja na vijidudu vyake. Mimi huitumia iliyogandishwa tu.

Kiasi gani? Hapa ndipo mapenzi yanapowaua wengi. Mkunga wa sentimita 12 ana uzito wa gramu 2 hadi 3 hivi. Jaza maji kijiko cha chai hadi nusu, ushike mkononi: ndiyo mnyama wako mzima huyo, kichwa hadi mkia. Mlo wake wa usiku mmoja ni vipande 5 au 6 vya nyungunyungu mwembamba, au mabuu mekundu 10 hadi 15. Basi. Akishazoea, mpe kila usiku mpaka afikie sentimita 20 hivi, halafu uanze kuruka usiku mmoja kati ya mitatu. Tumbo baada ya mlo lifutuke kidogo. Likivimba kama shanga, umezidisha.

Nikueleze ninavyofanya mwenyewe. Saa mbili usiku nazima taa ya tangi na kuwapa samaki wengine chakula chao, washibe kabla ya kulala wasije wakamnyang'anya mwenzao. Saa tatu, chumba kikiwa kimya, nazima filta na kuweka kijiko cha mbao juu ya swichi ili nisisahau kuiwasha, kwa kuwa bakteria wanaosafisha maji wanaishi humo na wanahitaji maji yenye oksijeni yapite. Nina kisosi kidogo cha kioo kinachokaa mahali pale pale siku zote, kiganja kimoja kutoka mdomo wa pango. Kwa bomba la sindano lililotolewa sindano na kuungwa mrija mwembamba, nadondosha matone machache ya majimaji ya nyungunyungu mlangoni pake, kisha nashusha vipande kisosini. Halafu naondoka. Kuondoka ni kugumu kuliko yote hayo, najua. Ukimmulika kwa tochi usiku wa kwanza, hatoki usiku wa pili. Kama moyo hautulii, funika tochi kwa kitambaa kizito na uielekeze ukutani, si kwenye maji. Baada ya nusu saa nawasha filta. Asubuhi, kabla sijagusa jambo lingine, nahesabu vilivyobaki na kuvinyonya vyote.

Daftari la mkunga wangu wa pili linasomeka hivi. Usiku wa kwanza vipande 6, asubuhi 6. Usiku wa pili 6, asubuhi 6. Wa tatu 6, asubuhi 5. Nakumbuka nilivyosimama pale nikiihesabu ile 5 tena na tena, nikipapasa mchanga kwa kijiti kuona kama kimoja kimefukiwa. Hakikuwamo. Usiku wa nne asubuhi 5 tena. Wa tano ilibaki 1. Wa sita kisosi kilikuwa kitupu na mchanga wa pembeni yake umefukuliwa. Nategemea wako afuate mwendo kama huo, ingawa yeye amefunga muda mrefu zaidi na anaweza kujitokeza mapema.

Umeuliza kama mkunga hukaa miezi bila kula. Mkubwa, ndiyo. Mkunga wa Ulaya na yule wa Marekani wakishakomaa hugeuka rangi ya fedha, tumbo la chakula husinyaa, wakaogelea maelfu ya kilomita hadi Bahari ya Sargasso, sehemu ya Atlantiki, kwenda kuzaa bila kula njiani, wakiishi kwa mafuta waliyojiwekea miaka mingi. Lakini wako hana akiba hiyo. Alifika pwani akiwa mkunga kioo, mwili unaopitisha mwanga, sentimita 6 au 7 na uzito wa theluthi ya gramu, na kila alichokipata tangu hapo amekitumia kukua. Ukibadilisha utaratibu kama nilivyosema na siku kumi zikapita bila kipande hata kimoja kupungua, au ukiona kichwa kimekuwa kipana kuliko kiwiliwili, mgongo umechongoka na analala nje ya maficho mchana, mtafute daktari wa mifugo anayewajua samaki. Kabla ya hapo, subiri.

Ukiwa unasubiri, pima maji. Amonia na nitriti, sumu nyingine inayotokana na amonia, vyote viwe sifuri. Chochote juu ya hapo kinamkatisha hamu ya kula, nawe utadhani ni chakula kibaya ukaongeza kingine, ndivyo nilivyofanya mimi. Badilisha robo ya maji kila wiki, na maji mapya yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Joto nalo usilipuuze. Mikunga wengi hula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 22 na 26. Yakishuka karibu na nyuzi 10, mikunga wa nchi za baridi huacha kula karibu kabisa, na hakuna nyungunyungu atakayewabembeleza. Tangi la lita 60 linamtosha kwa sasa. Halitamtosha mwaka ujao.

Kuhusu chakula kikavu, usikitupe. Akishakula kwa uhakika wiki tatu au nne, saga chakula cha samaki cha kuzama, kikande na nyungunyungu aliyepondwa hadi kiwe kama donge la unga, umpe kipande cha ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Kila baada ya siku chache ongeza unga, punguza nyungunyungu. Wafugaji wakubwa wa mikunga hufuata njia hiyo hiyo: huwaanzishia mikunga kioo kwa mayai ya samaki au tubifeksi, kisha wanawahamishia kwenye donge la unga wa samaki pole pole. Faida yake ni vitamini zilizopimwa. Wengine hukubali, wengine hukataa maisha yao yote, na anayekataa usimgombeze. Mpe nyungunyungu leo, kamba kesho, mabuu keshokutwa.

SWALI: Mwalimu, mkunga wangu ana sentimita 25 na anakula vizuri. Jana nilimpa ukanda wa samaki mbichi mrefu kama kidole. Aliuma ncha moja, kisha akaanza kuzunguka mwili mzima kama keekee, haraka hata nikashindwa kumwona vizuri. Nilidhani ni kifafa. Mke wangu aliogopa akazima taa. Leo anaonekana mzima. Ni nini kile?

JIBU: Ndugu yangu, mwambie shemeji yangu asiogope. Mmeona kitu ambacho wafugaji wengi hukaa miaka bila kukiona, kwa sababu hukata chakula vidogo sana.

Mkunga hana meno ya kukata. Ana vijimeno vingi vidogo kama brashi, vya kushikilia tu. Akikuta kitu kinachoingia mdomoni, anakivuta na kukimeza. Kikimzidi mdomo kidogo na kikiwa laini, anatikisa kichwa. Kikimzidi sana, anauma, ananyoosha mwili na kujizungusha kwa mhimili wake mwenyewe mpaka kipande kikatike kwa kusokotwa, kama mtu anavyokata uzi kwa kuusokota badala ya kuuvuta. Watafiti Helfman na Clark waliupima mzunguko huo kwa mikunga wa Marekani, wakaandika mwaka 1986 kwamba unaweza kufika mara 14 kwa sekunde moja. Ndiyo maana hukuweza kumwona.

Hilo lina maana katika ulishaji. Kwenye tangi lenye mawe makali au mirija ya kioo, mzunguko wa namna hiyo unaweza kumkwaruza vibaya, kwa hiyo chakula kikubwa kiwekwe mahali peupe penye mchanga mtupu. Na vipande vinavyoruka pembeni uvikusanye usiku ule ule. Mimi humpa mkunga wangu mkubwa ukanda mmoja wa kusokota kila wiki mbili, mikanda mingine nakata. Nina hakika anahitaji kuitumia nguvu hiyo, kama mbwa anavyohitaji mfupa, na baada ya usiku huo nimemwona mara nyingi akizunguka tangi zima kwa utulivu badala ya kurudi pangoni.

Kuna jambo lingine la ajabu kidogo. Mikunga wa Ulaya wana sura mbili, wenye kichwa chembamba na wenye kichwa kipana, na wanaokula vitu laini vidogo huelekea kuwa na kichwa chembamba, wanaokula samaki na vitu vigumu kuwa na kipana. Mpige picha kutoka juu kila mwezi. Mimi nina picha za miaka minne za mkunga mmoja na bado nazitazama.

SWALI: Naweza kumpa mkunga mchanga nyama ya ng'ombe iliyosagwa? Ndiyo rahisi kwangu. Na vipi samaki wadogo walio hai, hasa wale wa dhahabu wa bei ndogo?

JIBU: Nyama ya ng'ombe, hapana. Atakula, maana anakula karibu kila chenye damu, lakini mafuta ya wanyama wa nchi kavu huganda kwenye mwili wa mnyama wa maji baridi naye hayamudu vizuri. Kinachobaki majini huoza upesi na kutanda juu ya maji.

Samaki wa dhahabu pia usimpe, na sababu zake ni mbili. Wale wanaouzwa kwa kulishia husongamana kwenye matangi machafu na huja na magonjwa. Ya pili haionekani: samaki hao, pamoja na jamii nyingine kadhaa za samaki na kamba, wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1. Mkunga anayekula hao peke yao kwa miezi huishiwa na vitamini hiyo, akaanza kuogelea ovyo na kupoteza hamu ya kula. Kugandisha hakukiondoi kimeng'enya hicho. Kuwachemsha kidogo kunakiondoa. Ndiyo maana nasisitiza kubadilisha vyakula, hata kama mkunga wako anaonyesha wazi anachokipenda.

Viluwiluwi vya mbu unavyokusanya mwenyewe kwenye ndoo ya maji safi ni chakula kizuri. Vijidudu vya kuvuliwa kwenye madimbwi yenye samaki, viache. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mnyoo mmoja aitwaye Anguillicola crassus, ambaye makao yake yalikuwa mikunga wa Asia ya Mashariki, aliingia Ulaya na mikunga waliosafirishwa wakiwa hai. Mabuu yake hukaa kwanza ndani ya vijikamba vidogo visivyoonekana vizuri kwa macho. Mkunga akivila, mnyoo anahamia kwenye kibofu chake cha hewa na kukiharibu. Mikunga wa porini Ulaya wanauchukua mzigo huo hadi leo. Umpe unachojua kilikotoka.

SWALI: Mwalimu, mkunga wetu amefika sentimita 45 na tangi limemshinda. Wiki iliyopita alitoka usiku, tukamkuta sakafuni nyuma ya kabati, ana vumbi lakini hai. Mume wangu anasema tumwachie mtoni awe huru. Mimi naona huruma kumwachia na naona huruma kumbakiza. Tufanye nini?

JIBU: Mwanangu, pole kwa usiku huo. Alipona kwa sababu mkunga akiwa na unyevu mwilini hupumua pia kwa ngozi. Angekauka, msingemkuta hai. Funikeni tangi leo. Mkunga hupita kwenye tundu lolote linalopitisha kichwa chake, likiwamo lile la waya wa hita, kwa hiyo zibeni kila upenyo kwa sifongo na wekeni kitu kizito juu ya kifuniko. Tena angalieni ratiba ya chakula. Katika daftari zangu, safari nyingi za kutoroka zilitokea kwenye usiku ambao mlo ulichelewa au maji yalikuwa yametoka kubadilishwa.

Kuhusu mtoni, naelewa anachokisema baba watoto, na nia yake ni njema. Lakini msimwachie. Huyo mnyoo niliyemtaja katika jibu lililotangulia alisambazwa na watu waliohamisha mikunga kutoka maji haya kwenda maji yale. Wenu anaweza kuwa na kitu alichokipata tangini kutoka kwa samaki wa mapambo wa mbali, bila dalili yoyote, akakipeleka kwa mto mzima. Tena kama hamjui ni wa jamii ipi, hamjui kama mto huo ni wake. Katika nchi nyingi kumwachia mnyama wa kufugwa porini ni kosa, kama ilivyo kosa kuvua mikunga wachanga bila kibali.

Nami niseme linalonigusa. Mkunga huyo hakuzaliwa kwenye tangi la mtu. Mikunga wanaouzwa, hata wale wa mashamba makubwa, karibu wote wamekamatwa wakiwa wachanga walipokuwa wanaingia kutoka baharini, kwa kuwa kuwazalisha kwa wingi mikononi mwa watu bado kumeshindikana. Mkunga wa Ulaya amewekwa tangu mwaka 2008 kwenye kundi la wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kwa hiyo aliye mkononi mwenu ana thamani, na mnachoweza kumlipa ni maisha marefu yenye nafasi. Jike hufika mita moja na huishi miongo kadhaa.

Mkiweza, tafuteni tangi la lita 400 au zaidi, refu kuliko kimo, au bwawa la ndani lenye kifuniko. Msipoweza, ulizeni kwenye hifadhi za samaki za kuonyesha watu, vyuo vinavyofundisha uvuvi, au mfugaji mwenye nafasi. Siku ya kumhamisha asile saa 24 zilizotangulia, ili asichafue maji ya safari. Mwingizeni kwenye ndoo kwa kumfuata na bomba lake analolalia, msimshike. Akishaingia ndani ya bomba, zibeni pande zote mbili kwa viganja vilivyolowa na kumshusha nalo. Bomba hilo mmpe mwenyeji mpya, pamoja na kisosi chake na karatasi yenye maelezo: anakula nini, vipande vingapi, saa ngapi, na kisosi kilikuwa kikikaa upande gani wa pango.